Ndizi za Nguruwe

Nguruwe wa Ersin alikula vizuri kuliko Ersin mwenyewe, na nyumbani mwake hakuna aliyeona ajabu.

Kila asubuhi, mvua ikipumzika kidogo, Maselina mkewe alishika panga akaenda nyuma ya jiko kwenye migomba ya karat. Mkungu wa karat hauning'inii. Unasimama wima juu ya mgomba kama mtu anayebishana na mbingu. Ndizi zake ni fupi na nene, na ukizimenya, ndani ni manjano iliyokolea ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Aliangusha mkungu, akaubeba begani hadi kwenye banda la nguruwe, akaumwaga. Nguruwe alitafuna ndizi pamoja na maganda, povu la manjano likimtoka pembeni mwa mdomo, kisha akainua pua kudai zaidi.

"Mama Dorihne," Ersin aliita kutoka barazani. "Nipe moja."

"Moja ya nini?"

"Usijifanye kiziwi. Ile iliyoiva mpaka imepasuka."

"Daktari alisemaje?"

"Daktari yule mgeni anaijua karat? Hata ukimwekea mkononi atadhani ni kiazi."

"Alisema vitu vitamu uache. Karat ni chungu?"

Ersin alijiweka sawa juu ya debe tupu la mafuta alilokalia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, umefungwa kipande cha shuka kilichokwisha kubadilika rangi. Nzi walikuwa wanautambua mguu huo kuliko mingine yote pale nyumbani.

"Ni tamu," alikubali.

"Basi."

Akamletea kifungua kinywa chake: sahani ya wali mweupe uliojaa mpaka unamwagika, mikia ya bata mzinga iliyokaangwa ikielea juu ya mafuta yake, na mchuzi wa soya. Ersin alikula wote. Maselina alisimama kumwangalia akila, roho yake imetulia. Tangu siku walipoambiwa kwamba Ersin ana sukari, yeye alikuwa ameondoa nyumbani kila kitu chenye utamu. Soda, marufuku. Maandazi, marufuku. Papai, ndizi mbivu, hata maji ya dafu, marufuku. Daktari alizungumza muda mrefu kwa lugha yake, mkalimani akafasiri kwa maneno machache, "Asile vitamu," kisha akaita jina la mgonjwa anayefuata. Maselina aliyashika maneno hayo kama amri za Mungu. Na wali, kila mtu anajua, si mtamu.

Mikia ya bata mzinga nayo inafika kisiwani kwetu Pohnpei kwa meli, imegandishwa, kwa bei ambayo hata mjane anaimudu. Huko inakotoka wenyewe hawaili. Wanamkata ndege, wanakula kifua, na kile kipande cha mafuta kilicho juu ya kinyesi wanatuletea sisi. Nasi tunashukuru na kuomba duka lisiishiwe.

"Kaka!" Ioakim, mdogo wake Ersin, alikuwa anapanda njia ya matope huku akicheka peke yake, tumbo likimtangulia. Alipita kwanza kwenye banda la nguruwe, akampapasa mnyama mgongoni. "Huyu amenona mpaka anaona haya. Nahnmwarki akimwona atampa yeye cheo, wewe akuache."

"Basi aje akae hapa kwenye debe badala yangu," alisema Ersin, na wote wawili wakacheka.

Nguruwe huyo, zawadi ya karamu kwa Nahnmwarki, ndiye ambaye angemfanya Ersin awe Soulik, mkuu wa kijiji. Soulik aliyetangulia alizikwa mwaka uliopita, naye alizikwa bila miguu; ulikatwa mmoja, kisha wa pili, sukari ikammaliza. Mazishini pake tulikula wali siku nne. Sasa Nahnmwarki, mkuu wa jimbo zima, alikuwa amekubali kumpa Ersin jina hilo, na karamu ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

*

Zahanatini, Serlihna nesi alipofungua kile kitambaa, watu waliokuwa kwenye benchi walihama mmoja mmoja bila kusema neno. Mama mmoja alimfunika mwanawe pua kwa kiganja. Ersin alitazama ukutani, kwenye picha ya moyo wa binadamu, kana kwamba mguu ule ulikuwa umeletwa na mtu mwingine.

"Ilianzaje?" nesi aliuliza.

"Alitoka kwenye mikoko kuvua kaa," Maselina alieleza. "Akafika nyumbani na ndala moja. Nikamuuliza, ndala nyingine iko wapi? Akaniambia, nimezivaa zote. Mimi naangalia, mguu mtupu, damu inachuruzika. Amekatwa na chaza na hana habari."

"Sikusikia kitu," alisema Ersin. Alilisema hilo kwa fahari kidogo, kama mwanaume asiyejali maumivu.

Serlihna hakutabasamu. Alibonyeza kidole cha mwisho, akabonyeza kinachofuata. "Hapa? Na hapa?"

"Umeanza kubonyeza?"

Nesi aliweka kibano chini. Alikuwa binti wa watu wa ng'ambo ya mto, Maselina alimjua tangu akiwa hana meno. "Mzee, nitasema wazi. Vidole hivi viwili vimekufa. Panda gari leo, nenda hospitali mjini Kolonia. Leo watakata vidole. Ukisubiri, watakata goti. Ukizidi kusubiri hawatakuwa na cha kukata."

"Nitakwenda Jumatatu baada ya karamu."

"Karamu ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

"Mzee, hapo hutafika."

"Nifike bila vidole? Kupanda jukwaani mbele ya Nahnmwarki nikiwa nimeshikwa kwapa kama mtoto anayejifunza kutembea?"

Serlihna alimgeukia Maselina, kwa kuwa wanaume wa aina hiyo huwezi kuwaambia kitu ila kupitia kwa wake zao. "Shangazi, unamlisha nini?"

Hili Maselina alikuwa amelisubiri. Alijinyoosha. "Kitu kitamu simpi. Hata ndizi simpi, ndizi zote anakula nguruwe. Nampa wali tu."

Mkono wa nesi ulisimama hewani na bendeji yake.

"Wali kiasi gani?"

"Mpaka ashibe. Si mgonjwa?"

Serlihna alitaka kusema jambo. Lakini mlangoni kulikuwa na foleni mpaka barabarani, na mtoto alikuwa ameshikwa na degedege, na daktari wa zamu alikuwa mmoja, naye alikuwa anaita. "Shangazi," alisema haraka huku akifunga bendeji, "Alhamisi njoo kwenye banda la karamu. Kuna watu wanakuja kuzungumza juu ya chakula. Njoo usikilize. Na mpeleke hospitali. Mbembeleze, mtukane, mfunge kamba, lakini mpeleke."

Hakumpeleka. Alibembeleza njia nzima kurudi nyumbani, Ersin akiwa amekaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mchele ya mtu mwingine, akitikisa kichwa tu.

*

Siku ya Alhamisi msichana wa ofisi ya kilimo alipanga ndizi juu ya meza, zimepasuliwa katikati. Kwanza nyeupe kama karatasi, kisha za rangi ya maziwa, kisha za manjano, na mwisho kabisa karat. Alikuwa na sauti ndogo na shati lililopigwa pasi.

"Angalieni rangi," alisema. "Kadiri manjano inavyokolea, ndivyo ndani yake kunavyokuwa na kile kitu ambacho mwili hukitumia kulinda macho. Na waliofanya utafiti wanasema watu wanaokula sana vyakula vya namna hii, ndizi za manjano, maboga, mboga za majani, huwa hawapatwi sana na magonjwa ya moyo, sukari, baadhi ya saratani. Sisemi ni dawa. Nasema ni chakula chetu, kiko nyuma ya nyumba, hakuna anayekila."

Maselina alikuwa amekaa nyuma karibu na nguzo. Alikuwa darasa la pili meli zilipoanza kuleta mchele wa shule. Serikali iliyokuwa inatutawala ilitoa wali bure, na nyama ya kopo juu yake, na watoto waliokuja na karat iliyofungwa kwenye jani waliitwa watu wa porini. Maselina alikuwa akiificha yake chini ya dawati, akaila chooni, hadi siku moja alimwambia bibi yake asimfungie tena. Hakuna aliyetushikia bunduki. Walitupa bure mpaka tukasahau kupanda, kisha wakaanza kutuuzia.

Aliinua mkono kabla hajajua kwamba ameuinua.

"Mwanangu, mimi mume wangu ana sukari. Tuliambiwa asile kitamu. Kwa hiyo karat simpi, nampa wali. Nimekosea?"

Banda zima lilicheka. Halikuwa cheko la ubaya. Walicheka kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa anafanya hivyo hivyo nyumbani kwake. Lakini Maselina alisikia masikio yakimuwaka moto.

Msichana hakucheka. "Mama, wali mweupe ukishafika tumboni unageuka sukari upesi sana. Karat nayo ina sukari, mgonjwa asile mkungu. Apikiwe ikiwa bado haijaiva sana, moja, mbili, na samaki, na majani. Lakini ukiniuliza kati ya sahani ya wali uliojaa na karat moja ya kuchemsha..." Aliangalia uso wa Maselina, akaishia hapo.

"Na ndizi mnampa nani?" mtu aliuliza.

"Nguruwe," mwingine akamjibia Maselina.

"Ndiyo maana hujawahi kuona nguruwe amekatwa mguu!"

"Mimi nimewaona wengi. Kwenye sahani!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha chakula cha mchana kikaletwa, makopo ya plastiki yaliyofungwa vizuri: wali, paja la kuku wa kukaanga, na soda nyekundu. Msichana alipokea kopo lake macho yakiwa chini. "Bajeti ilipitishwa mjini," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Maselina alisogea mezani akaomba zile karat zilizopasuliwa, apelekee mgonjwa. Alikuwa na nyingine tele nyumbani, lakini alitaka hizo, zilizosemewa maneno mazuri. Msichana alisema haiwezekani, kesho zinahitajika kijiji cha pili.

*

Jioni ile nguruwe alipiga kelele, akagonga mbao za banda lake, na hakuna aliyemjali. Maselina alichemsha karat kwa maji ya nazi, akaweka samaki mbichi, akaweka majani, akampelekea mumewe bila kusema kitu.

Ersin alitazama sahani. "Vitamu si marufuku?"

"Kula."

Alikula polepole. Katikati ya kula aliweka kijiko chini, akatazama mvua. "Mama yangu alikuwa anazikwangua kwa kijiko," alisema. "Meno yalikuwa hayajaota. Nakumbuka, unaweza kuamini? Nakumbuka kijiko."

Dorihne, binti yao, alikuwa kizingitini na mwanawe mapajani, bado na sare ya duka anakofanya kazi. Mtoto alikuwa anatafuna kipande cha tambi kavu kilichonyunyiziwa unga wa juisi, midomo myekundu kama aliyepigwa. Maselina alichota kidogo cha karat kwa ncha ya kidole akamtia mtoto mdomoni. Mtoto alitema, akanyoosha mkono kudai tambi yake.

"Mama, usimlazimishe," alisema Dorihne. "Hakijui hicho."

Siku mbili Ersin alikula karat. Siku ya tatu alitoka uwani akiwa ameshika ukuta, uso umempauka.

"Nakojoa rangi," alisema.

"Rangi gani?"

"Manjano! Manjano kama rangi ya basi la shule. Figo zimepasuka, Mama Dorihne."

Maselina alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Ni karat hiyo. Bibi yangu alikuwa anasema, ukila karat mkojo unakuwa manjano. Ndivyo walivyokuwa wanajua kwamba mtoto kalishwa vizuri."

"Bibi yako alikuwa daktari?" Ioakim alikuwa amefika, amesimama kwenye mvua na kipande cha turubai kichwani. "Shemeji, na mimi nataka kukuuliza. Nimepita kwa nguruwe. Kanywea. Mbavu naziona. Karamu iko mlangoni, wewe unachukua chakula cha nguruwe unampa mwanaume chakula cha kichanga, mpaka anakojoa rangi. Unataka tuchekwe?"

"Nataka apone."

"Nani hataki apone?"

"Basi mwende kwa Nahnmwarki. Mwambieni Ersin anaumwa, karamu isogezwe mbele. Mwezi mmoja tu."

"Nikapige magoti, nimwambie Nahnmwarki asubiri kidole cha mguu?" Ioakim hakuwa anacheka tena. "Kuna wenye nguruwe mkubwa kuliko huyu wanangoja tuteleze. Jina litapita. Likishapita, halirudi kwenye ukoo huu."

Maselina alimgeukia mumewe. "Baba Dorihne. Sema wewe."

Ersin alikaa juu ya debe lake. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Unajua baba yangu alikuwa anaitwa wa ngapi, wakigawa chakula? Wanaitwa wenye vyeo, mmoja mmoja, jina kwa jina. Viazi vikuu, nyama ya bega, nyama ya paja. Wanaitwa mpaka watoto wa watu. Halafu mwishoni kabisa mgawaji anaangalia chini ya kapu, anasema, na yule pale. Hamtaji jina. Yule pale. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Baba anainuka, anakwenda kuchukua kwato." Alikaza fundo la kitambaa mguuni. "Nataka niitwe mara moja wakati kapu limejaa. Baadaye wakate wanachotaka."

Nguruwe alikuwa anapiga kelele.

Baada ya muda Maselina alichukua panga. Mikungu miwili ilikuwa imebaki kwenye migomba. Aliiangusha yote, akaiburuta kwenye matope hadi bandani, akaimwaga. Alisimama hapo akimwangalia mnyama anavyokula, panga ameliegemeza kwenye ubao.

*

Jumamosi Ersin alipaka mafuta ya nazi mwili mzima mpaka akang'aa. Mguu waliufunga kwa kitambaa kipya na ndani yake wakapenyeza maua, ili harufu ijulikane kuwa ya maua. Alipanda jukwaani kwa miguu yake mwenyewe. Watu waliona, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwake.

Mbele ya Nahnmwarki huwezi kunyoosha mguu. Nyayo zako hazimwelekei mkuu, hata ukiwa unakufa. Mtu hukunja miguu akaikalia. Ersin alikunja mguu mzima, kisha akashika ule mwingine kwa mikono yake miwili, akaukunja kama mtu anayekunja bati, akaukalia. Maselina, aliyekuwa upande wa wanawake, aliona. Akafunga macho.

Shada la maua likawekwa kichwani mwa Ersin. Jina likatangazwa. Kuanzia dakika ile Ersin alikwisha. Aliyekuwa amekaa pale alikuwa Soulik. Mizizi ya sakau iliwekwa juu ya mawe, wanaume wakaiponda kwa mdundo mmoja, wakaikamua kwa magome ya mti, na kifuu cha nazi kikaanza kuzunguka, kwa Nahnmwarki, kisha kwa wakubwa, kisha kwa Soulik. Sakau inatia ganzi. Kwanza ulimi, kisha midomo, kisha mwili wote unakuwa wa mtu mwingine. Soulik alikunywa kila kikombe alichopewa. Alikaa juu ya mguu ule tangu mchana hadi jua lilipoingia nyuma ya mikoko.

Nguruwe alifukuliwa kwenye tanuri la mawe, mgawaji akasimama juu ya kapu lililojaa, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Soulik!"

Akawekewa bega zima, na viazi vikuu, na juu yake gunia la mchele na katoni ya mikia ya bata mzinga, maana siku hizi karamu bila gunia ni aibu. Soulik alitafuta uso wa mkewe katikati ya wanawake. Alipouona, alitabasamu, midomo imekufa ganzi, tabasamu limekwenda upande. Maselina akamrudishia. Hilo hatutalisahau, na wala yeye hakulisahau: kwamba lilikuwa tabasamu la furaha.

Watu walipoanza kuondoka, Soulik hakuinuka. Ioakim alidhani ni sakau, akamshika kwapa kwa utani, "Haya, mheshimiwa." Mkeka ukainuka pamoja naye. Ulikuwa umegandana na mguu.

*

Hospitalini walikata juu ya goti. Wakasema sumu ilikwisha ingia kwenye damu. Kulikuwa na habari za kumpeleka nje ya nchi kwa ndege. Kikao cha kuamua kilikuwa kikae wiki iliyofuata, au ile nyingine. Daktari alimwita Ersin "huyu" na kumpima homa.

Siku moja asubuhi alifumbua macho, akasema, "Mama Dorihne. Karat."

Nyumbani hakukuwa na hata moja. Maselina alizunguka soko la Kolonia chini ya mvua, akatembea vibanda vyote. Kulikuwa na tufaha kutoka nje, zinang'aa kama plastiki. Kulikuwa na machungwa yaliyobandikwa karatasi. Mwishoni alimpata mwanamke mmoja mwenye chane moja ya karat mbele yake, anauza bei ambayo Maselina alidhani hakuisikia vizuri.

"Karat bei hiyo? Kwetu anakula nguruwe."

"Basi kanunue kwa nguruwe," alisema yule mwanamke. "Wageni wa hoteli wananunua. Wameambiwa ina afya."

Alinunua. Alikaa kando ya kitanda, akamenya, akakwangua kwa kijiko cha chai kama kwa mtoto, akamtilia mumewe mdomoni kidogo kidogo. Ersin alimeza. Akafungua mdomo tena. Alimaliza moja, akamaliza ya pili, macho amefumba.

"Kijiko," alisema.

Kesho yake nesi wa zamu aliyekuja kubadilisha mfuko wa mkojo uliotundikwa chini ya kitanda alishtuka akataka kumkimbilia daktari. Mfuko mzima ulikuwa manjano, manjano ya kuwaka, kama mtu ametia ndani kipande cha jua.

"Usimwite," Maselina alisema. "Hiyo ni karat. Kalishwa vizuri." Akaegemeza kipaji cha uso kwenye chuma cha kitanda, akalia mpaka nesi akatoka na kumfungia mlango.

Ersin alikufa kabla ya kikao kukaa.

*

Walimzika Soulik kwa heshima zote za jina lake. Magunia ya mchele yalipangwa kwenye banda la karamu mpaka yakafika usawa wa kifua cha mtu mzima. Kila ukoo ulioingia uliongeza lake juu, na watu walihesabu kimoyomoyo nani ameleta nini. Siku ya kugawa, mgawaji alimwita mjane kwanza kabisa. Mbele yake wakaweka gunia la mchele, katoni ya mikia, na sanduku la tambi. Banda lilingoja ainamishe kichwa apokee.

Maselina hakuinamisha kichwa. "Mpelekeeni nguruwe," alisema.

Mgawaji alidhani hakusikia. Ioakim alimsogelea, akainama sikioni pake. "Shemeji, usitutie aibu. Nguruwe yupi? Nguruwe tulimla."

Mahali fulani nyuma mtu alicheka, kisha akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo. Dorihne aliinuka na mtoto kiunoni, akainamisha kichwa kwa niaba ya mama yake. Mgao ukaendelea. Wakaitwa wengine, mmoja mmoja, jina kwa jina.

Ioakim ndiye aliyebeba gunia kulipeleka nyumbani. Sasa kulikuwa na minong'ono kwamba jina la Soulik lisitoke nje ya ukoo, kwamba yeye ndiye anayefuata, na kwamba amekwisha nunua kinguruwe. Alitembea mbele kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Njia ilikuwa matope matupu. Maselina alimfuata nyuma, mkono wake umeshika mkono wa mjukuu, mtoto akitafuna tambi kavu. Nyuma ya jiko migomba ilisimama bila mikungu.

Ioakim alipanda barazani, akatua gunia chini, kishindo kikatikisa mbao. Akajifuta jasho. Akakaa juu ya lile debe tupu la mafuta, akashusha pumzi, akanyoosha miguu.

Maselina aliona nyayo alizoziacha kwenye mbao safi. Moja ilikuwa ya matope, na alama za ndala. Nyingine haikuwa na alama za ndala, na haikuwa ya matope tu.

"Shemeji," alisema. "Ndala yako ya kushoto iko wapi?"

"Nimeivaa," alijibu Ioakim bila kuangalia chini. "Wali wenyewe mnapika saa ngapi?"